Sindano ya Tatu ya Okoth

"Chanjo ni ya watoto. Mtu mzima damu yake imekwisha kukomaa, imepigana na kila ugonjwa wa mji huu. Ataenda kudungwa sindano ya nini?"

Hayo, mwanangu Zuhura, ni maneno ya Bwana Gathogo mwenye duka la pembeni, na ameyasema tena leo asubuhi nilipokwenda kukununulia sabuni ya safari. Aliyasema mbele ya wateja, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Nikamjibu pale pale. Nilimwambia damu iliyokomaa haina macho nyayoni. Mtoto wa mwaka mmoja hapakui makreti, hachomelei mageti, hazibui mitaro ya maji machafu. Anayefanya hayo ni baba yake. Kama kuna ngozi inayochanika kila wiki katika mtaa huu, ni ngozi ya mtu mzima. Sasa nani anahitaji kinga zaidi, aliyebebwa mgongoni au aliyembeba?

Wateja walicheka. Gathogo naye akacheka, akanifungia sabuni kwa gazeti la juzi, akasema, "Baba Zuhura, ungekuwa wakili wewe, majaji wangekukimbia." Nikatoka dukani nimeshinda. Nilipofika mlangoni petu nikakumbuka kwamba nimekwisha kumshinda Gathogo kwa hoja hii mara nyingi, na bado hajachanjwa.

Ndipo nikakaa kuandika. Umekwenda mtaa wa Mowlem kuwaaga wenzako, na mama yako yuko kwa jirani ameazima pasi ya makaa. Kesho unaondoka kwenda chuo cha wauguzi. Mambo ya sanduku na ndoo, nani wa kumwamkia kwanza na nani wa kutomkopesha kanga, mama yako amekwisha kukueleza, na mengine kakueleza mara mbili huku mimi nasikia. Sina la kuongeza juu ya ndoo. Nataka kukueleza jambo ambalo limenishughulisha tangu mwaka jana kuliko siasa zote ninazozipigia kelele: kwa nini mtu mzima hachanjwi? Nilidhani najua jibu. Sikulijua. Wewe sasa unakwenda kukaa upande wa pili wa dirisha la zahanati, na nina wasiwasi kwamba huko chuoni watakufundisha kila kitu isipokuwa hili.

Okoth unamjua kama yule bwana anayekuja kwetu Jumapili kusikiliza mpira, anayemaliza chai yote. Mimi namjua kwa mabega yake. Ghala lililopakana na kiwanda chetu cha kuchapa, kule Industrial Area, halina wafanyakazi wa kudumu wa kupakua mizigo. Kila alfajiri vibarua husimama nje ya geti, nyapara hutoka, huwatazama kama anayechagua mbuzi, kisha huonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Waliobaki hujikokota mpaka karibu na duka la Gathogo, wakae kwenye ukuta wakisubiri kesho. Okoth hakuwa mtu wa ukutani. Kidole cha nyapara kilimjua.

Mwaka jana, kabla ya mvua ndefu, alikanyaga msumari wa kreti. Ulipenya ndara ukaingia unyayoni. Alifanya kama wanavyofanya wote pale: aliuchomoa, akamimina mafuta ya taa, akaupigapiga unyayo kwa ile ile ndara ili damu mbaya itoke, kisha akarudi mzigoni. Jeraha lilifunga upesi. Siku chache baadaye, wakati wa chakula cha mchana, alishindwa kufungua mdomo aingize kijiko cha githeri. Wenzake wakamcheka. "Okoth kanunua kufuli!" Jioni shingo ilikuwa imekaza. Kesho yake tulimpeleka hospitali akiwa amepindika kwa nyuma kama upinde, na hakuna aliyekuwa akicheka.

Pepopunda, wakasema.

Mwanangu, nimekwenda hospitali nyingi kuwatazama wagonjwa, lakini sijaona chumba kama kile. Dirisha limefunikwa blanketi. Wauguzi wanatembea pekupeku. Mlango umefungiwa kitambaa ili usigonge. Mlango ukigonga, au mtu akikohoa, mwili wa Okoth ulijikunja wenyewe, meno yamebanana, na macho yake yako wazi, anakuona na anajua kila kitu. Mimi, ambaye mama yako husema ningehutubia hata kaburini, nilikaa pale nikanyamaza. Nilikuwa naogopa hata kuvuta pumzi.

Watu wa kanisa lake walikuja kumwombea. Unawajua, wale wa kanzu nyeupe wanaopita Jogoo Road na ngoma. Muuguzi aliwasimamisha koridoni. Nilifikiri patakuwa na ugomvi, nami nilikuwa tayari kuuingilia. Lakini kiongozi wao alichungulia ndani mara moja tu, akaivua ngoma shingoni, akailaza sakafuni kama anayemlaza mtoto. Waliomba kwa midomo, bila sauti, watu wazima wote wale. Baadaye nimefikiri sana juu ya watu wale. Waliona hitaji la mgonjwa wakabadili desturi yao hapo hapo. Zahanati zetu zimeshindwa na jambo dogo kuliko hilo.

Okoth alipoanza kulegea, nikamvizia daktari mlangoni. Kijana, ana usingizi machoni.

"Ni ile kutu ya msumari, sivyo?"

"Si kutu, mzee. Ni udongo. Udongo wenye mavi ya wanyama. Msumari mpya unaong'aa ukilala kwenye udongo huo utakuletea yale yale."

Nikawaza uchochoro wetu wa nyuma ya kiwanda, mikokoteni ya punda inavyoingia kila asubuhi na vyuma chakavu. Miaka yote nimepita pale nikiruka kinyesi ili nisichafue viatu.

"Na mimi mbona sijaugua?"

"Bahati," akasema.

Neno hilo lilinikera. Mimi ni mpanga herufi. Kwa mikono hii nimepanga mahubiri, almanaka, katiba za vyama, vitabu vya kufuga kuku, na hotuba za waheshimiwa, na vyote nimevisoma, vingine mara mbili. Sikubali kuishi kwa bahati. Nikamwuliza swali lililonijia wakati huo, na hilo ndilo lililoniharibia usingizi.

"Lakini sasa Okoth akipona, amekwisha kupata kinga yake, kama aliyeugua surua?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Sumu ya kumuua mtu kwa pepopunda ni kidogo mno, hata mwili haupati nafasi ya kuijua. Akipona asipochanjwa, anaweza kukanyaga msumari mwingine akarudi hapa hapa."

Fikiria, mwanangu! Mtu amepita motoni na moto haukumfundisha kitu. Ni sindano tu inayoweza kuufundisha mwili somo hilo. Nilitoka pale nikitembea haraka, nikimtafuta mtu wa kumwambia.

Okoth alipotoka hospitali walimdunga ya kwanza. Wakamwambia ya pili aipate mtaani baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya nusu mwaka, maana bila ya tatu hizo mbili huchakaa. Tatu tu, basi, kisha ya kuongezea baada ya miaka. Anatembea mpaka zahanati, anakunja mkono wa shati, anarudi. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Mwezi ulipotimia alikwenda asubuhi, akapanga foleni na akina mama. Zamu yake ilipofika dirishani, Sista Wanjiru, yule mkuu wa zahanati, akamwuliza bila kuinua kichwa, "Mtoto yuko wapi?"

"Sina mtoto. Ni mimi."

"Leo ni siku ya watoto na wajawazito."

"Na watu wazima ni siku gani?"

"Watu wazima hawana siku."

Akaondoka. Kwa kuwa asubuhi ilikuwa imekwisha, geti la ghala lilikuwa limefungwa na kibarua kimepita. Mbaya zaidi, habari ilifika ukutani kabla yake. Siku iliyofuata vijana walimpokea kwa nderemo, wakimwita mama. "Niaje, mathe! Mimba ya miezi mingapi?" Mwingine akainuka akampisha mahali pa kukaa, eti mjamzito asisimame. Okoth alicheka nao. Lakini aliponiambia habari hiyo hakuwa anacheka. Alisema, "Mzee, hiyo sindano ni ya wanawake. Wacha tu."

Hapo ndipo nilipoingilia kati, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilisema: wanataka mtoto? Tutawapa mtoto. Nikamwomba Mama Njeri, jirani yetu, kitinda mimba wake, nikamwambia namrudisha sasa hivi. Mama Njeri alikuwa na nguo za kufua, akanipa na kunishukuru. Wewe ulikuwa dukani, ndiyo maana hukunizuia. Nikaenda na Okoth, mtoto begani, nimevaa koti langu la mikutano.

Akina mama kwenye benchi walifurahi. "Haya, leo mababa wameamka!"

"Mama yake yuko wapi?"

"Ana kazi," nikasema.

"Na ziwa amekuachia wewe?"

Tukafika dirishani. Sista Wanjiru akatazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama Okoth aliyejificha nyuma yangu na mabega yale yasiyofichika.

"Mtoto anaitwa nani?"

Nikamtazama Okoth. Okoth akatazama dari.

"Ni mvulana au msichana?"

Nafasi moja kati ya mbili, mwanangu, nami ni mtu niliyesoma. "Mvulana," nikasema kwa uhakika.

Sista akafunua nepi. "Ni msichana."

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Na huyo binti, kana kwamba anaongeza muhuri, akalikojolea koti langu la mikutano.

Ningeweza kucheka nao pale, na pengine mambo yangekwisha vizuri. Lakini unanijua. Nilipandisha sauti. Niliuliza mbele ya wote: je, tunamchanja mtoto leo ili kesho awe yatima mwenye afya? Mwanamume apate mimba kwanza ndipo adungwe? Nani aliyekata kauli kwamba mkono wa baba si mkono? Akina mama walipiga makofi. Mmoja alipiga kigelegele. Sista Wanjiru alinisikiliza mpaka nikamaliza sentensi, sentensi nzuri kwa kweli, kisha akavuta kibao cha dirisha akalifunga. Foleni nzima ilisimama kwa ajili yangu. Makofi yakaisha haraka sana.

Nilikuwa nimeshinda hoja, na Okoth alikuwa amekosa sindano.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani nikitoa hotuba ile ile upya, kwa ajili yako na mama yako. Ulikuwa unachambua mchele. Uliniacha nimalize, kisha ukasema, "Baba, ulimwuliza hata swali moja?"

"Nilimwuliza mengi!"

"Yale hayakuwa maswali, baba."

Nilitoka nje nikajifanya natazama taa ya barabara. Wewe hukuona jambo kubwa, ukaendelea na mchele wako. Lakini ndilo lililonirudisha zahanati wiki ile ile, alasiri, wakati hakuna foleni. Nilimkuta Sista Wanjiru peke yake, anachemsha mabomba ya sindano kwenye sufuria, mvuke umemlowesha uso.

"Leo umekuja na mtoto wa nani?" akauliza.

"Sina mtoto. Nina swali."

"Moja?"

"Moja. Kwa nini watu wazima hawana siku?"

Akanitazama kitambo kuona kama ni mtego. Kisha akafuta mikono, akafungua jokofu lake la mafuta ya taa, akatoa kichupa kidogo kuliko kidole gumba.

"Hiki kinatosha watu kumi. Nikikifungua kwa mtu mmoja, tisa waliobaki wasipokuja leo, jioni nakimwaga. Wajawazito najua watakuja, wanakuja pamoja siku yao, na kila dozi ina mwenyewe. Huyu Okoth wako anakuja peke yake. Mwezi ukiisha ninaulizwa chanjo zimekwenda wapi. Nijibu nini? Kwamba nilimwaga?"

Nilisimama pale kama mtu aliyepotea njia katika mtaa wake mwenyewe. Nilikuja nikidhani nimemfumania adui wa wafanyakazi, kumbe nimemkuta mtu anayelinda kichupa. Ukutani nyuma yake palikuwa na bango: MAMA, MLETE MTOTO WAKO ACHANJWE. Nililijua bango lile. Nililipanga mimi. Nilijivunia hata nafasi baina ya herufi. Nimesoma maneno yale kila nilipokagua chapa, mimi mbishi wa mitaa yote, na halikunijia kamwe swali dogo: na baba?

"Kwa hiyo ukipata watu kumi kwa pamoja?"

"Niletee watu wa kumaliza chupa," akasema, "nami nitaifungua hata kama wote wana ndevu."

Sasa nikahitaji watu kumi, na watu wasio na kazi asubuhi wako ukutani kwa Gathogo. Nilikwenda nikawapa ukweli wote: udongo, punda, sumu, mishipa. Wakanisikiliza kama wanavyosikiliza redio ya jirani. Gathogo akasema maneno yake yale yale, kwamba chanjo ni ya watoto. Ulimi ulikuwa tayari. Nikakumbuka mchele wako. Nikasema, "Gathogo, hebu niambie. Kwa nini unasema hivyo?" Kisha nikafunga mdomo, jambo ambalo lilimshangaza kuliko yote.

Alipima sukari ya mteja, akafunga, akampa. Kisha akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu la chanjo ya ndui begani.

"Hili nililipata nikiwa kijana, siku za Hatari ya wakoloni. Walitupanga mstari kijijini, askari huku na askari huku, bunduki mkononi. Mbele kuna mtu na sindano. Hakuna aliyeniambia ni ya nini. Nilidhani wanatuua polepole. Tangu siku ile, Baba Zuhura, hakuna mtu mwenye sindano aliyewahi kuniomba. Mtoto unaweza kumshika kwa nguvu, ni mtoto. Mimi mtu mzima huwezi kunishika tena."

Miaka yote nimenunua sukari kwake, tumebishana juu ya kila kitu chini ya jua, na sikuwahi kuliona kovu lile. Nilikuwa nikidhani anabishana na sayansi, kumbe alikuwa akibishana na ule mstari. Na mimi kila siku nilikuwa namwendea kama askari mwingine, badala ya bunduki nina hoja. Pale pale nilitaka kumwambia kwamba ndui ile ile imekwisha kufutwa duniani kwa sababu ya makovu kama lake. Ni kweli, na siku nyingine nitamwambia. Siku ile niliona si pahali pake.

Aliyewapata watu si mimi, ni Okoth. Alikuja jioni ukutani, vijana wakaanza tena, "Sasa, mathe!" Yeye akakaa kati yao, akasema taratibu, "Nyinyi mnajua mlango ukigonga inakuwaje? Mgongo unaruka wenyewe. Unausikia mfupa. Unataka kulia, mdomo haufunguki. Unalia kwa pua."

Mmoja, yule mrefu mwenye kofia ya sufu, akauliza, "Na hiyo sindano haitanifanya nisipate watoto?"

"Itakufanya uumwe mkono siku mbili," Okoth akasema. "Wake zetu wanadungwa hiyo hiyo wakiwa na mimba, na bado wanazaa kila mwaka. Ama siyo?"

Wakacheka, lakini kicheko kingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Okoth alisimama getini kama kawaida, na kidole kikamwangukia. Nilikuwa naingia kazini, nikasikia kwa masikio yangu.

"Leo hapana," akasema.

Nyapara hakuelewa. "Umeugua tena?"

"Ndiyo sitaki kuugua tena."

Kibarua kukataa kidole cha nyapara, mwanangu, hiyo ni sadaka kubwa kuliko nyingi ninazozijua. Akatoka kwenye mstari, na waliobaki bila kazi wakamfuata mpaka zahanati. Nami niliomba ruhusa nikaenda, nikakunja mkono, maana ningekuwa mnafiki mkubwa kuhutubia juu ya kitu ambacho mwili wangu hauna. Gathogo alifunga duka akaja pia. Alikaa mwisho wa benchi, akamwuliza Sista maswali mengi kuliko niliyowahi kumwuliza mimi: imetengenezwa na nini, inakaa mwilini muda gani, nani aliyeijaribu kwanza. Sista akajibu yote huku anadunga.

Mwishowe akamwambia, "Mzee, imebaki ya mtu mmoja. Ungependa?"

"Leo nimekuja kutazama."

"Basi karibu utazame."

Gathogo aliondoka bila kudungwa, na ile iliyobaki akapewa mama mmoja muuza mboga aliyekuwa anapita. Lakini nilimwona akitembea kurudi dukani polepole, akishikilia lile bega lenye kovu. Aliombwa, akakataa, na hakuna aliyemshika. Leo asubuhi amesema tena maneno yake. Sijui itamchukua muda gani. Naendelea kununua sabuni kwake.

Sasa nikueleze mambo yalivyo leo, nisikudanganye kwamba hadithi imekwisha vizuri. Wengine wa siku ile walirudi mwezi uliofuata kupata ya pili, na wengine hawakurudi, kwa sababu asubuhi ile kidole cha nyapara kiliwaangukia, na kati ya sindano na unga wa watoto mtu huchagua unga. Siwalaumu. Kisha Sista Wanjiru akahamishwa. Aliyekuja ni mwema, ni mpole hata kuliko yule, lakini ameikuta zahanati na siku zake na bango langu ukutani. Wiki iliyopita Okoth alikwenda kwa ajili ya sindano yake ya tatu, ambayo wakati wake umekwisha kupita. Akaambiwa siku hiyo ni ya watoto, na kuja baada ya kazi haiwezekani, maana dirisha la chanjo hufungwa saa sita. Amepoteza asubuhi mbili namna hiyo. Nyapara amemwambia akipoteza ya tatu asirudi getini.

Juzi alinijia, akakaa, chai hakumaliza.

"Mzee, nimechoka kuomba. Nitanunua buti."

Buti ni kitu kizuri. Lakini makreti hayapakuliwi kwa miguu, na mikono yake nimeiona. Hakuna wiki inayopita bila mkato mpya kati ya kidole na kidole, na udongo wa ule uchochoro umeingia humo.

Huenda ukafikiri baba yako anakutwika mzigo wa mtaa mzima usiku wa kuamkia safari. Ni kweli, nakutwika. Nimekulea katika nyumba ambamo mtu hawezi kula kabla ya kujibu hoja, na kama kuna kosa katika malezi hayo, basi ni kwamba nilikufundisha kujibu kabla sijakufundisha kuuliza. Hilo la pili umejifunza mwenyewe, sijui wapi, labda kwa mama yako. Nenda nalo. Walimu wakikuambia mtu mzima hapendi chanjo, uliza kama amewahi kupewa siku. Wakikuambia ni mjinga, uliza nani alimweleza, na kwa sauti gani. Ukikutana na mbishi kama Gathogo, usimshinde upesi. Jua kwanza anabishana na nani.

Barua hii usiifiche chini ya godoro kama za mapenzi. Wasomee wenzako bwenini, hasa sehemu hii ya mwisho, ambayo siiandiki kwako peke yako.

Ninyi mnaosomea uuguzi mwaka huu: hampewi madaraka ya kubadili siku za zahanati, najua, lakini mtakaa kwenye madirisha hayo miaka thelathini, na kuna mkuu wenu mtakayemwona kila asubuhi. Mwambieni. Mwandikieni. Mkiwa wakuu wenyewe msisubiri kuambiwa. Tengeni siku moja ya watu wazima katika kila wiki, muitangaze makanisani na misikitini na kwenye mageti ya viwanda, ili watu waje pamoja na chupa imalizike. Wanaume na wanawake, wenye mimba na wasio nayo, mwulizeni kila mmoja kama angependa, na akikataa mwacheni akae atazame. Na siku hiyo isiwe asubuhi. Okoth anatoka kazini saa kumi na moja. Fungueni jioni.